Stroberi Nilizoshona kwa Macho

Ninaandika kwa ajili yako wewe ambaye sindano imekuingia kidoleni na hukusikia kitu. Usijisifu. Mimi nilijisifu karibu mwaka mzima, na majivuno yale yamenigharimu vidole viwili vya mkono wa kulia na hisia zote za ngozi ya mkono wa kushoto kuanzia kiganjani. Sitakueleza habari za vijidudu, hizo waulize madaktari. Nitakueleza mambo ambayo hakuna aliyeniambia.

Mimi ni Mama Lugano, wa Iyunga hapa Mbeya. Mume wangu, Baba Lugano, alipata kazi kwenye reli mpya mwaka ule ule treni zilipoanza kupita, na mimi nilikuwa mshonaji. Sikuwa na cherehani. Nilishona kwa mkono na kudarizi, na kila mtu pale kanisani alijua kwamba mimi ndiye mkali wa kudarizi.

Kwetu milimani stroberi zinaota vizuri. Mama mmoja wa misheni, mzee sana, alileta miche akaipanda nyuma ya kanisa, na kabla hajarudi kwao alitufundisha kuichora kwenye kitambaa: tunda jekundu, mbegu za njano, jani la kijani, ua jeupe la petali tano. Tangu hapo, kila mwaka baridi ya Juni na Julai ikishakatika na mipichi ikaanza kutoa maua, akina mama wa kushona tulikaa barazani na kufanya kazi za stroberi tu. Vitambaa vya meza, foronya, aproni, vifuniko vya birika. Aliyeweza kazi kubwa alishona mfarishi, lile blanketi la vipande vilivyounganishwa na kutiwa pamba katikati, maana usiku wa kwetu unahitaji kitu kizito.

Barazani pale tulikuwa na ujinga mmoja ambao nadhani ni washonaji tu wanaoweza kuwa nao. Mgeni akichomwa na sindano alilia, "Aii," na sisi tukacheka. Mzoefu akichomwa hakushtuka. Tulisema kidole chake kimeiva. Basi mkono wangu wa kushoto, ule unaokaa chini ya fremu ya kukazia kitambaa kuipokea sindano, uliiva kupita mikono yote. Nikaacha kuvaa subana, kile kikofia cha chuma cha kukinga kidole. Wasichana wapya waliletwa kunitazama.

"Mwoneni Mama Lugano," walisema. "Huyu hata umchome na msumari."

Nami nilicheka na kunyoosha kidole nichomwe. Nilichomwa kweli, mbele ya watu, nikiwa nimenyanyua shingo juu. Nikikumbuka hadi leo naona aibu.

Mwaka huo mdogo wangu Tumpe alichumbiwa na mwalimu wa huko Kilolo, Iringa. Nikaamua kumshonea mfarishi. Vipande thelathini vyeupe, kila kipande stroberi moja kubwa ya kitambaa chekundu na ua moja pembeni. Katika ukoo wetu, siku moja kabla ya harusi sanduku la bibi harusi hufunguliwa mbele ya wanawake wa upande wa bwana harusi. Mama wa binti huinua kitu kimoja kimoja na kutaja mkono ulioshona. Shuka hili ni mkono wa shangazi yake. Foronya hii ni mkono wa fulani. Hivyo ndivyo familia inavyompeleka binti yao, akiwa na mikono yetu sote ndani ya sanduku. Nilitaka wangu utajwe wa mwisho, wafunge vinywa.

Stroberi zote thelathini nilizimaliza bila kugundua kitu, kwa sababu damu haionekani juu ya nyekundu. Maua meupe ndiyo yaliyonisema. Nilishona petali, nikaona doa la kahawia. Nikafumua, nikashona tena, doa. Nikamgombeza Lugano bure kwamba ameshika kitambaa na mikono michafu. Siku ya tatu, nikiwa barazani na wenzangu, nilitaka kugeuza fremu na mkono wangu ukagoma kutoka. Nilikuwa nimejishona. Uzi mweupe umepita kwenye nyama ya kidole cha kati mara mbili, ukarudi kwenye kitambaa, na mimi nikiendelea na hadithi yangu.

Wenzangu walicheka hadi machozi. Nilicheka nao mwanzoni. Halafu nilikata uzi, nikaibana ile nyama kwa kucha zangu kwa nguvu zote, na nikaacha kucheka.

Hospitalini nilikaa kwenye benchi tangu alfajiri hadi saa nane mchana. Ilikuwa msimu wa mvua, watu wananuka makoti mabichi. Wale waliokuja kwa malaria walitupita wamejibana ukutani, lakini sisi kwenye benchi hatukukimbiana. Mzee mmoja asiye na nyusi alinisogezea nusu ya kiazi chake cha kuchoma. "Kula, binti yangu, humu ndani kunakawia," alisema. Nilikila. Kilikuwa kitu cha kwanza kupokea kutoka kwa mtu mwenye ugonjwa wangu, na sikujua bado kwamba ni wangu.

Mhudumu alinifumbisha macho, akaniambia ataigusa ngozi yangu taratibu kwa pamba, nami nionyeshe alipogusa. Nikasubiri.

"Anza basi, baba," nikamwambia.

"Nimekwisha kukugusa mara kumi, mama," alisema.

Nikafumbua macho. Pamba ilikuwa juu ya kidole changu kilichoiva.

Walinikata ndewe za masikio kwa wembe kidogo, wakachukua walichochukua, na wiki iliyofuata wakaniambia ni ukoma. Nililia kwa hasira kuliko kwa huzuni. Baka la shavuni, ambalo nililipaka poda miezi mingi, lilikuwa hilo. Ganzi ya mkono, hiyo. Yule mhudumu alisema vidonge vipo, nimeze bila kuruka siku, na kwamba siku si nyingi sitaweza kumwambukiza mtu. Aliyasema hayo mara tatu polepole. Niliyashika, maana nilijua nitayahitaji nyumbani.

Nyumbani Baba Lugano hakunifukuza. Watu humsifu kwa hilo, na mimi humjibu kila anayemsifu kwamba mtu hasifiwi kwa kutofanya uovu. Alihamia kulala sebuleni. Akaninunulia sahani yangu, kikombe changu na bakuli langu la bati, akavitia alama ya rangi nyekundu ya relini.

"Ni kwa ajili ya mtoto, Mama Lugano," alisema. "Usinielewe vibaya."

"Nimekuelewa vizuri," nikamwambia.

Asubuhi yake nilichukua msumari nikatoboa lile bakuli matundu matano, nikajaza udongo na kupanda mche wa stroberi. Chakula nilikula kwenye sahani ya kila mtu. Alitazama, akasimama, akatoka nje. Hatukusemezana siku nne. Siku ya tano alirudi na kula, na mimi nikaendelea kumeza vidonge vyangu mbele yake, mezani, kila asubuhi, nikivihesabu kwa sauti.

Mama yangu mzazi ndiye aliyeniumiza zaidi. Mama aliuza mchele Chimala, mwanamke shupavu, aliyetulea peke yake. Aliposikia, alipanda basi akaja, akanisalimia akiwa mlangoni, akasema anakwenda na mfarishi akautunze kwake hadi harusi. Maua nilikuwa nimekwisha kuyamaliza, nikampa kwa mikono miwili. Nilidhani ananisaidia.

Mwezi wa Mei, baridi ikiwa imeanza kuuma, mwili wangu ulinigeukia. Vidonge vilikuwa vinafanya kazi, walisema, lakini mishipa ikavimba. Kiwiko kiliwaka moto usiku na mchana. Uso ukafura. Vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia vikajikunja kuelekea kiganjani, na nilipoviamuru vinyooke havikunitii. Nikapelekwa hospitali ya misheni upande wa Iringa, nikakaa huko msimu wote wa baridi na zaidi. Mkono ukafungwa plasta. Dawa za kushusha uvimbe zikanivimbisha mashavu mpaka Tumpe alipokuja kunitembelea alinipita kitandani akaenda kumsalimia mwanamke mwingine.

Aliporudi kwangu alikuwa analia, na si kwa ajili ya uso wangu. Alikuwa na kifurushi.

"Dada, usikasirike," alisema. "Mama aliuchemsha."

Mama alikuwa ameuweka mfarishi kwenye pipa anamochemshia mpunga, akatia sabuni ya kipande kizima, akauchemsha tangu asubuhi hadi jioni ili auue ugonjwa wangu. Rangi nyekundu ilikuwa imetoka na kukimbia kila mahali. Vipande thelathini vyeupe vilikuwa na rangi ya ufizi. Pamba imejikusanya pembeni kama mabonge ya ugali. Maua yangu hayakuonekana kabisa.

"Anasema aliogopa kwa ajili yangu," Tumpe alisema.

"Na wewe unaogopa?"

"Mimi ndiye nitakayeulalia. Ningekuwa naogopa ningeuacha Chimala."

Nilimpenda mdogo wangu siku hiyo kuliko siku yoyote. Nikamwambia aache kifurushi, aende, na amwambie Mama kwamba mfarishi utafika Kilolo.

Hapo ndipo vita vyangu na Dada Yustina vilipoanza. Huyu alikuwa muuguzi wa wodi yetu, Mbena mfupi mwenye miguu ya haraka. Kila siku alituleta kwenye mabeseni ya maji tuloweke mikono, kisha tuipake mafuta, kwa sababu ngozi iliyokufa ganzi hukauka na kupasuka. Maji yale ya vuguvugu sikuyasikia, lakini mafuta yalinukia vizuri na wanawake tulipiga soga. Ilikuwa saa nzuri kuliko zote. Plasta ilipoondolewa nikamwomba sindano.

"Sindano ndiyo adui yako, Mama Lugano," alisema. "Hapa watu wanapoteza vidole kwa jeraha dogo kuliko la sindano. Omba kitu kingine."

Nikaiba. Nilimwomba jirani yangu wa kitanda sindano ya kushonea kifungo, nikaificha kwenye pindo la shuka. Siku ya pili Dada Yustina alitandika kitanda, akaiona. Nilisubiri anigombeze. Akaketi.

"Unataka kuniachia mkono hapa uende nyumbani na kigutu?"

"Nataka kushona," nikasema. "Mkono usioshona wa nini? Ukate kabisa, tugawane."

Halafu akaniwekea masharti. Kila asubuhi kukipambazuka nitamwonyesha mikono yote, mbele na nyuma, kidole kimoja kimoja. Ikiwa haina jeraha, nitapewa sindano. Ikiwa na jeraha, hata tundu moja, sindano inaondoka mpaka lipone. Nilikubali. Kwa mara ya kwanza tangu ule ugonjwa uingie kwangu nilikuwa na kazi ya kufanya kuhusu huo mkono zaidi ya kuulilia.

Sasa nisikilize vizuri, hapa ndipo penye msaada wenyewe. Mshonaji hushona kwa vidole, macho hutazama tu. Unaongea, unacheka, vidole vinajua njia. Vyangu havikujua tena. Ilinibidi nihamishe ujuzi wote kutoka vidoleni kuuleta machoni, na macho ni wanafunzi wagumu. Yule fundi aliyetengeneza viatu vya wagonjwa, naye mgonjwa, alinitengenezea kigoda cha kushika fremu, ili mkono wa kushoto usiwe na kazi yoyote chini ya kitambaa. Niliulaza mapajani, niuone. Nikaacha mishono yote inayopeleka sindano chini. Nikabaki na mshono wa mnyororo, ule wa kuchota kitambaa kwa juu, sindano inaingia na kutoka upande ule ule ambao jicho linauona. Subana nikavaa kwenye vidole vitatu. Wenzangu wa wodini wakinicheka, nikawauliza kama wanataka kuona na ndewe zangu zilizokatwa.

Stroberi moja, ambayo zamani niliimaliza kabla ya chai kupoa, ilichukua siku tatu. Mara mbili Dada Yustina aliondoka na sindano. Mara ya pili nilimtukana kwa Kinyakyusa, akanijibu kwa Kibena, na jirani yangu aliyejua lugha zote mbili alicheka hadi akashika mbavu.

Sikujaribu kuurudisha ule mweupe. Nilifumua pamba, nikaitandaza upya, nikashona juu ya rangi ile ile ya ufizi. Stroberi mpya juu ya madoa ya zile za zamani, kubwa kidogo, zenye mistari ya mnyororo inayozunguka kama kamba. Maua nikayarudia kwa uzi mweupe mpya. Sitakudanganya kwamba ulikuwa mzuri kuliko wa kwanza. Wa kwanza ulikuwa mzuri kuliko huo. Lakini huo niliuona wote, kila pito la uzi, na ule wa kwanza sikuuona.

Nilirudi Iyunga mipichi ikichanua. Baba Lugano alinipokea kituo cha basi, akashika mzigo wangu, kisha akanishika mkono, ule uliokunjika, mbele ya watu. Jioni nilikuta godoro lake limerudi chumbani. Sikumshukuru, nilimsogezea tu nafasi.

Mama alifika Jumapili moja kabla ya safari ya Kilolo. Tulikaa jikoni.

"Mwanangu, ndaga kwa kazi," alianza, akinishukuru kwa Kinyakyusa. "Lakini siku ya sanduku nitasema umetoka dukani. Wale ni watu wageni. Wakijua, Tumpe atateseka kule."

"Duka gani linauza mfarishi wa rangi hii, Mama?"

"Basi nitasema mkono wa shangazi yako."

"Taja mkono wangu au usitaje kitu."

"Unataka kuvunja harusi ya mdogo wako kwa majivuno?"

Alinichoma hapo, kwa sababu majivuno nilikuwa nayo na anayajua tangu utotoni. Sikulala vizuri juma zima. Kama wangemrudisha Tumpe kwa ajili ya vidole vyangu, nisingekuwa na pa kuficha uso.

Kilolo kulikuwa na ukungu. Tuliketi mikekani, wanawake wetu upande mmoja, wao upande mwingine, na katikati sanduku. Mama mkwe wa Tumpe alikuwa mwanamke mrefu, Mhehe, amejifunga kitambaa cheupe kichwani, na tangu "kamwene" ya salamu hakuwa ametabasamu. Mama yangu akaanza kuinua vitu. Mashuka, mkono wa shangazi. Foronya, mkono wa mke wa mjomba. Wakapiga vigelegele. Akafika kwenye mfarishi. Akauinua. Rangi ile ilijaza chumba.

"Huu," Mama alisema, "huu umetoka Mbeya."

"Mbeya ni kubwa," alisema yule mama wa Kihehe. "Mkono wa nani?"

Mama alinitazama. Nikaona kwamba hataweza kusema uongo wala kweli. Nikasimama. Nikainua mkono wa kulia, na vidole vyake viwili vilivyokunjika, wauone wote.

"Ni mkono huu," nikasema. "Nina ukoma. Nameza vidonge, daktari amesema siambukizi mtu. Nimeushona wote mimi. Anayeogopa asiuguse, hakuna aliyemlazimisha."

Wanawake wawili waliokuwa karibu na mfarishi walirudisha miguu. Tumpe, katika kona yake, alikuwa ameinamisha kichwa kama bibi harusi anavyotakiwa, lakini nilimwona amekunja ngumi.

"Vidole hivyo?" mama mkwe aliuliza. "Vilishonaje?"

"Vilishona."

"Mimi siamini. Nionyeshe."

Nilichukia. Hakuna mshonaji mwingine wa sanduku lile aliyeambiwa athibitishe. Lakini nilikuwa na sindano na nyuzi kwenye mfuko wa gauni, huwa siendi popote bila hizo. Nikaketi, nikavaa subana zangu tatu, nikauliza, "Kitambaa kiko wapi?"

Yule mama alipandisha mikono, akafungua kitambaa cha kichwani mwake. Nywele zake zilikuwa nyeupe, zimesukwa mistari. Akanirushia kitambaa juu ya mkeka.

"Hapo," alisema. "Pembeni."

Hakuna aliyekuwa na fremu. Tumpe alitoka kwenye kona yake, kinyume cha desturi, akaja kunishikia kitambaa kikavutika. Nikashona. Sikuharakisha hata kidogo. Jikoni wali ulikuwa tayari, watoto wanachungulia, wanawake wanajigeuzageuza mikekani, na mimi nikachota mnyororo mmoja baada ya mwingine, jicho likitangulia, sindano ikifuata. Wakitaka kuona, waone. Ilikuwa ndogo, stroberi ya haraka, haina ua. Hata hivyo ilichukua muda ambao nadhani hakuna mwanamke wa chumba kile amewahi kukaa kimya vile. Nikatia mbegu za njano saba. Nikakata uzi kwa meno, nikageuza mikono yangu mbele na nyuma kutafuta jeraha. Hakuna. Nikamrudishia.

Aliitazama kwa mbali, kisha kwa karibu. Akapitisha kidole gumba juu yake. Halafu akajifunga kitambaa chake kichwani, akakizungusha mpaka stroberi ikakaa mbele, katikati ya paji la uso, na akamgeukia mama yangu, aliyekuwa bado ameshikilia mfarishi kwa mikono yote miwili.

"Mama mkwe mwenzangu," alisema, "taja mkono, tuendelee."

Na Mama akataja jina langu.